Bweni lile lina njiti ngapi?

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori. Ilining'inia kwa waya kwenye mkaratusi mbele ya ofisi ya mkuu wa shule, na kando yake nondo fupi iliyokwisha kupinda kwa kugongwa miaka nenda rudi. Saa kumi na moja alfajiri, giza bado totoro, kijana wa zamu alianza kuipiga, na ule mlio haukuwa wa kengele hata kidogo, ulikuwa wa karakana. Nina zaidi ya miaka thelathini Dar es Salaam. Hadi leo fundi wa gereji ya jirani akidondosha spana kabla ya jua kuchomoza, miguu yangu hutangulia kutua sakafuni, mimi mwenyewe nafuata baadaye.

Nilifika pale Januari 1982, nina miaka kumi na nne, mtoto wa Pangani ambaye safari ndefu aliyowahi kuifanya ilikuwa kwenda Tanga mjini kung'olewa jino. Wakati ule shule ya msingi ilikuwa ya kila mtoto, maana serikali ilikwisha kuamua hivyo tangu 1977, ila mlango wa sekondari ulikuwa kama tundu la sindano. Darasani kwetu tulimaliza la saba watoto arobaini na kitu, tukachaguliwa wawili. Jina la shule yangu liliposomwa hakuna aliyelijua. Mwalimu alikwenda kwenye ramani ya ukutani, akaweka kidole Pangani, akakiburuta kuelekea chini na ndani, chini na ndani, mpaka kikafika Nyanda za Juu Kusini, upande wa Njombe, ambao enzi hizo ulikuwa bado mkoa wa Iringa.

"Huko kote hakuna shule njiani?" Bibi akauliza.

Zilikuwepo. Lakini serikali ya Mwalimu Nyerere ilituchanganya kwa makusudi. Mhaya alipelekwa kusini, Mmakonde kaskazini, mtoto wa pwani akapandishwa milimani, ili kila mmoja ajue nchi ni kubwa kuliko kwao. Ada haikuwepo. Hata nauli ilitoka serikalini, karatasi moja iliyoitwa waranti, ambayo Mama aliikunja ndani ya kitambaa na kuishonea kwenye pindo la kaptura yangu, kisha Dar es Salaam ikabidi tuombe wembe stesheni ili kuifumua.

Fomu ya maelekezo ilitaka jembe, fyekeo, ndoo, shuka mbili, blanketi, sahani, kikombe, kijiko na sanduku la bati lenye kufuli. Sanduku lilitengenezwa na fundi wa Ngamiani. Alilipaka rangi ya buluu, na kwenye kifuniko akachora ua ambalo sikumtuma achore na ambalo lilinitesa mwaka mzima, kwa sababu wavulana mia nne hawawezi kuliona ua wakanyamaza. Sabuni ilikuwa adimu nchi nzima. Mama alikata mche mmoja kwa uzi, vipande sita, akaniambia kila kimoja ni mwezi. Hesabu hiyo ilikufa wiki ya pili.

Reli ya TAZARA ilikuwa haijatimiza hata miaka sita tangu Wachina watukabidhi, na ilinuka upya bado. Ukipanda Dar es Salaam na kutulia inakufikisha Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860, lakini sisi wa waranti tulishuka njiani. Mchana wa kwanza niliona twiga kupitia dirishani na nikajiona tajiri. Usiku tukapita Ifakara, kisha Mlimba, ambapo akina mama waliuza ndizi na wali kwenye majani kwa mwanga wa vibatari, halafu treni ikaanza kupanda milima, ikiingia handaki moja na kutoka, ikiingia jingine. Kila tukitoka, hewa ilikuwa imepungua joto kidogo. Alfajiri tukashuka Makambako. Nilifungua kinywa ili nimuulize mwenzangu lori liko wapi, na moshi ukatoka mdomoni mwangu. Sikuwahi kuiona pumzi yangu maishani. Nilifumba mdomo haraka nikidhani kuna kitu kinaungua ndani.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ila hilo nililijua baadaye kwenye somo la jiografia. Siku ile nilijua tu kwamba blanketi la Mama lilikuwa la mtu anayelala Pangani.

Mgeni wa kidato cha kwanza aliitwa njuka. Njuka hakuwa na jina wala kabila. Wa kidato cha tatu na cha nne tuliwaita wazee na kuwaamkia shikamoo, ingawa wengine ndevu zao ungeweza kuzihesabu ukamaliza. Usiku wa kwanza, mzee mmoja wa kitanda cha ukutani (vitanda vya ukutani vilikuwa vyao, katikati penye upepo ndipo petu) alinitupia njiti moja ya kiberiti.

"Njuka. Kesho nataka kujua bweni hili lina njiti ngapi, toka ukuta ule mpaka huu."

Wenzangu walipewa kazi zao. Mmoja alitakiwa kuizima taa ya umeme kwa kuipuliza, na alipuliza mpaka jenereta lilipozimwa saa nne, tukacheka wote, naye akacheka, akidhani ameweza. Mimi nikapiga magoti. Saruji ilikuwa baridi kama samaki. Unalaza njiti, unaweka ukucha mwishoni, unaisogeza, moja. Unalaza tena, mbili. Nilipofika kitanda cha nne nikageuka, nikamwona yule mzee amelala kinywa wazi. Nikajilalia. Asubuhi nikamwendea: "Shikamoo kaka. Mia nne na themanini."

"Umekosea. Rudia."

Hapo nikaelewa kwamba yeye mwenyewe hajui, na kwamba hakuna mtu chini ya jua anayejua. Usiku wa pili sikugusa hata njiti. Asubuhi nikasema mia tano na ishirini, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Sasa umesema," akanijibu. Kama kuna somo la sekondari ambalo sijalisahau mpaka leo, ni hilo, na nililipata kabla sijagawiwa daftari.

*

Watu wakisimulia bweni huanza na viboko. Mimi huanza na ugali, kwa sababu kiboko kilikuja na kupita, ugali ulikuwepo kila siku na haukutosha kila siku.

Bwaloni tulikaa kumi kumi. Kila meza ilipewa sinia moja la ugali na bakuli moja la maharage, na mgawaji alikuwa wa zamu. Kanuni ilikuwa moja tu na haikuandikwa popote: anayegawa huchagua mwisho. Sijaona katiba iliyoheshimiwa kama hiyo. Mgawaji alichukua kijiko, akakichovya kwenye maji, akaukata ugali kwanza katikati, halafu kila nusu vipande vitano, na macho ya watu tisa yalifuata kile kijiko kama paka wanavyomfuata mvuvi. Hakuna aliyesema neno. Mkono ukienda kushoto kidogo, mtu alikohoa. Akimaliza, tulichagua kwa mzunguko, na kilichobaki ndicho chake. Walikuwepo watu wabovu kabisa wa hesabu darasani ambao mezani waliweza kukata ugali vipande kumi ambavyo hata mzani ungeviogopa.

Mwaka ule unga ulikuwa wa njano, mahindi ya msaada kutoka nje, na nchi nzima iliuita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi. Wapenzi wa Simba walikula wakilaani. Mimi ni wa Simba. Maharage yalikuwa na wadudu waliochemshwa pamoja nayo, nasi tukajizoesha kula bila kusogeza meza karibu na dirisha. Mwanga mwingi mezani haukuwa na faida kwa mtu. Nyama tuliiona sikukuu: kuzaliwa kwa chama Februari, Muungano Aprili, Saba Saba, Tisa Desemba. Nilizijua tarehe za taifa langu kwa tumbo kabla ya kuzijua kwa kichwa.

Jikoni kulikuwa na masufuria ambayo mtoto angeweza kulala ndani, na mwiko wa kusongea ulikuwa mrefu kama kasia la ngalawa. Siku ya kwanza nilipowaona wapishi wawili wamesimama juu ya vizingiti, kila mmoja na kasia lake, wanasukuma na kuvuta, nikasikia kilio kikinipanda. Walikuwa wanavua kitu kisichokuwa samaki. Aliyepangwa zamu ya jikoni aliruhusiwa kukwangua ukoko, na ukoko ulikuwa fedha. Kipande kama kiganja kilinunua kufuliwa shati, au zamu nzima ya kuchota maji. Nimewahi kuandikiwa insha ya Kiingereza kwa ukoko. Nilipata alama nzuri.

Mwezi Machi Mama alimpata mtu wa kunipelekea mzigo. Ulikuwa boksi la katoni lililofungwa kamba ya katani, na ndani papa mkavu, mwenye chumvi, amefungwa kwenye gazeti la Uhuru. Nilipolifungua bwenini, harufu ya Pangani ikatoka, harufu ya soko, ya ngazi za bandarini maji yakikupwa, ya nguo za babu yangu. Nikafumba macho.

"Kuna kitu kimekufa humu!" mtu akapiga kelele.

Walitafuta panya chini ya vitanda. Kiranja wa bweni akaingia na tochi. Walipogundua chanzo ni mimi, boksi likatupwa nje kwa ncha ya fyekeo, nami nikalifuata kama mwenye maiti. Usiku ule nilikaa chini ya mkaratusi nikilinda papa wangu dhidi ya mbwa. Aliyenifuata alikuwa jirani yangu wa kitanda cha juu, Mhaya wa Kamachumu, Mkatoliki, mtu wa maneno machache. Alikaa. Akanusa. Akasema kwao kuna samaki pia, ila wao huwa wanawala kabla hawajaharibika. Tukawasha moto mdogo nyuma ya vyoo, tukamchoma papa kipande, naye akala, akanyamaza, akaomba kingine. Ndani ya wiki moja papa alikuwa anauzwa bwenini kwa ukoko, na wale wale waliomtoa nje kwa fyekeo walikuwa wananiita mjomba.

*

Tulilima. Tangu 1967, Mwalimu alipoandika Elimu ya Kujitegemea, ilikubalika kwamba shule isiyojilisha ni kupe, basi nasi tulikuwa na ekari za mahindi, viazi mviringo na njegere. Sina ugomvi na wazo. Ugomvi wangu ni kwamba viazi tulivyolima sisi vilipakiwa kwenye lori vikaenda mahali, na jioni tulikula maharage yale yale. Njegere ndizo tulizofaidi, mbichi, tukiwa tumeinama kana kwamba tunang'oa majani, ganda mfukoni, punje mdomoni. Mwalimu wa zamu alipita akiangalia mikono yetu. Hakufikiria kuangalia taya.

Mchakamchaka ulikuwa kila asubuhi, umande mguuni, tukiimba kumtukana Iddi Amin, ambaye alikwisha kukimbia Kampala miaka mitatu nyuma. Hakuna aliyetuletea adui mpya. Baada ya hapo kuoga. Juni na Julai kule majani huamka meupe kwa sakitu, na maji ya ndoo yanakuwa na ngozi nyembamba ya barafu juu ambayo unaipasua kwa kikombe. Nilijifunza haraka kuoga pasipoti, yaani uso, shingo na masikio, sehemu zitakazoonekana kwenye picha. Mwili wote ulisubiri Jumamosi, siku ya kutoa vitanda nje na kuvimwagia maji ya moto kwa ajili ya kunguni. Kunguni walikufa kwa mamia Jumamosi. Jumapili walihudhuria wote.

Ramadhani ya 1982 ilianza Juni tukiwa nyumbani, ikanikuta shuleni Julai, katikati ya baridi hiyo. Tulikuwa Waislamu wachache, na bwalo halikumsubiri mtu: chakula cha jioni kilitolewa saa kumi na moja na nusu, jua bado liko juu ya miwati. Nilichukua sahani yangu nikaibeba bwenini, na kubeba sahani ya ugali katikati ya wavulana wenye njaa ni sawa na kubeba mtungi wa maji sokoni wakati wa kiangazi. Siku ya pili nusu ya ugali ilipotea nilipogeuka kuvua viatu. Siku ya tatu yule Mhaya alinipokonya sahani bila kusema, akafungua sanduku lake, akaiweka ndani juu ya Biblia na nguo zake za misa, akafunga kufuli, akakaa juu yake akisoma. Jua lilipozama akasimama. Alifanya hivyo mpaka Idi. Daku pia alikuwa ananiamsha yeye, kwa kunivuta kidole gumba cha mguu kutoka kule juu, kisha anarudi kulala. Sikumwomba. Wala sikuwahi kumshukuru kwa maneno, wavulana hawana maneno hayo.

Barua tulizituma kupitia ofisini, zikiwa wazi. Mwalimu wa nidhamu alizisoma kabla hazijabandikwa stempu, na zilizoingia alizisoma pia. Kwa hiyo barua zangu zote za miaka minne ni barua moja. Mimi mwanenu ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii ni kutaka kuwajulia hali. Huku tunaendelea vizuri na masomo. Mama alizihifadhi. Nilizipata alipofariki, zimefungwa kwa uzi ule ule wa kukatia sabuni, nikazisoma mfululizo usiku mmoja, na ningekuwa mgeni ningedhani kijana huyu alipelekwa hotelini. Moja tu ina mstari wa ziada, chini kabisa baada ya wasaalam, mwandiko umebanwa: *Mama, blanketi jingine.* Sijui mwalimu alikosaje kuuona. Au aliuona. Mwezi uliofuata blanketi lilikuja, na nilipokwenda kulichukua ofisini hakuniangalia usoni, alinisogezea tu kitabu cha kusaini. Nimemchukia mtu yule miaka mingi, na huo mstari umeniharibia chuki yangu.

*

Redio bwenini ilikuwa moja, ya kiranja, na betri zake zilianikwa juani ili zifufuke. Tulisikilizia mpira na taarifa ya habari. Usiku wa Aprili 12, 1984, Alhamisi, tulikuwa prepu, mtu akaja mbio kutoka bwenini akasema Sokoine amekufa. Hakuna aliyemwamini. Waziri Mkuu tuliyekuwa tunamsikia kila siku akipambana na walanguzi, ambaye kampeni yake ya mwaka mmoja nyuma ilifanya watu wamwage sukari mitoni kwa hofu ya kukutwa nayo, hawezi kufa kwa ajali ya gari Dakawa kama mtu yeyote. Tukaacha madaftari. Bweni zima lilijikunja kwenye kitanda kimoja kuzunguka ile redio, sauti ya Mwalimu ikitoka mbali, ikififia na kurudi betri zilipochoka, na mtu akazipapasa akazigeuza. Njuka walikaa kwenye vitanda vya wazee. Mzee mmoja alilia, ameshika bega la mtoto ambaye wiki hiyo hiyo alimtuma kumchotea maji mara sita. Jenereta likazimwa, tukabaki hivyo hivyo gizani. Asubuhi rimu ikapigwa kama kawaida na kila mtu akarudi mahali pake.

Mwaka huo mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa mzee. Nilikuwa na kitanda cha ukutani na ua la sanduku langu lilikuwa limekwishachubuka, hakuna aliyelikumbuka tena. Ningependa kusimulia kwamba kwa kuwa niliyaonja, niliyakomesha. Wenzangu wengi wanasimulia hivyo; nikihesabu wote wanaosema hawakuwahi kumwonea njuka, najiuliza sisi tulionewa na nani.

Januari ile alikuja mtoto wa Ukerewe, mdogo kuliko sanduku lake. Alikuwa na tabia ya kusema "ndiyo kaka" kabla hujamaliza kusema. Usiku wa pili au wa tatu, mimi nimelala chali nikiwa sina hata hasira naye, nilichomoa njiti kwenye kiberiti cha jirani nikamtupia. Nilisema maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Nilishangaa yalivyokuwa tayari mdomoni, kana kwamba yalikuwa yanangoja zamu yao.

Nilitegemea atafika kitanda cha nne.

Taa zilizimwa. Nikasikia kitu sakafuni, kama panya anayetafuna kidogo kidogo na kupumzika, nikalala. Sijui ilikuwa saa ngapi mtu aliponigusa bega. Alikuwa amesimama na kibatari, magoti yamekuwa meupe kwa vumbi la saruji, meno yanagongana kwa baridi.

"Kaka, nimemaliza."

"Kalale," nikamwambia, nikageukia ukutani.

*

Mwaka jana mtu ametuunganisha kwenye kundi la WhatsApp. Tuko zaidi ya mia na sitini, wengine wamestaafu, wawili ni maaskofu, mmoja yuko Muscat anauza vipuri. Kila asubuhi kuna anayeandika kwamba shule zilikuwa zamani, kwamba watoto wa siku hizi wamelegea, kwamba kengele ile ndiyo iliyotufanya tuwe watu. Mtu alituma picha ya bweni letu, mabati yameezuliwa nusu, papai limeota mahali palipokuwa na kitanda changu. Mioyo mia moja ikafuata, na vikaragosi vya machozi.

Mimi si mwepesi wa kubishana, lakini siku ile nikaandika. Nikasema kengele haikunifanya mtu. Nikasema kile tunachokiita nidhamu kwa sehemu kubwa kilikuwa njaa iliyopewa filimbi, na kama kuna kitu kilinilea pale ni Mhaya aliyekalia sanduku lake na sahani yangu ndani, ambaye hakutumwa na mwalimu yeyote, wala hayumo kwenye ratiba ya shule ile. Amekwisha kufariki, ndiyo maana niliandika kwa ukali. Wengine walikubali, wengine wakanikumbusha kwamba bila shule ile ningekuwa navua pweza. Nikajibu kwamba pweza wana bei siku hizi. Mjadala ukageukia mchango wa mabati.

Usiku simu ikalia. Namba ngeni, ujumbe wa pembeni, si wa kundini.

*Shikamoo kaka. Nimefurahi kukusoma leo. Labda hunikumbuki, mimi ni wa Ukerewe, niliingia 84. Ulinipa kazi ya kupima bweni ukalala kabla sijakupa jibu. Ni mia tano arobaini na tatu na kipande. Kipande kilikuwa chini ya sanduku lako, niliogopa kulisogeza.*

Nikaandika *marahaba*. Nikaliangalia lile neno kwenye kioo muda mrefu, halafu nikalifuta, herufi moja moja.